Selpher Ayuma, Aliyekataa Mtoto Mmoja Ahesabiwe Mara Tatu

Leo, Jumatano tarehe 30 Juni 1999, Bi. Selpher Ayuma Luseno, Afisa Mkuu wa Takwimu wa Jumuiya ya Zahanati za Mitaa ya Mashariki, anastaafu baada ya utumishi wa miaka ishirini na minane. Wasifu huu umeandaliwa na wenzake wa Idara ya Takwimu kwa ajili ya programu ya sherehe. Ulitarajiwa kuwa wa furaha tupu. Furaha imo, na msomaji ataikuta. Lakini yapo mambo aliyotendewa mama huyu ndani ya jumuiya hii hii ambayo haiwezekani kuyapitisha kimya kati ya sala ya kufungua na pilau. Yeye mwenyewe angekuwa wa kwanza kuturudishia wasifu unaoyakwepa, ukiwa na alama nyekundu pembeni.

Aliajiriwa mwezi Machi 1971 kuwa karani wa kumbukumbu katika zahanati yetu ya kwanza, ile ya Muthurwa, iliyokuwa ndani ya nyumba za reli. Treni ya mizigo ilipopita, vikombe vya chai vilihama mezani vyenyewe. Alikuwa ametoka Bunyore miaka miwili tu kabla ya hapo, akimfuata mumewe, Bw. Patrobas Luseno, aliyekuwa gadi wa treni hizo hizo. Watoto wao wote wanne wamekulia Mbotela, na ndiyo maana mtaani hakuna amwitaye Bi. Ayuma, ni Mama Triza. Mchana alifanya kazi, jioni alisoma, na mwaka 1979 akapata stashahada ya takwimu. Cheti chake alikitundika ukutani mahali ambapo yeyote aliyeketi mbele yake hakuweza kutazama kwingine.

Tunalisema hili kwa sababu katika sherehe za namna hii kila mstaafu husifiwa kwa unyenyekevu. Bi. Ayuma hakuwa mnyenyekevu, na hatutamsingizia. Alijua thamani ya kazi yake na aliitaja. Alikuwa mkali kwa waliochelewa, mkali zaidi kwa waliowahi bila kufikiri, na hakuwahi kuipokea ripoti ya mtu kabla ya kumuuliza swali lake moja: “Hapa umehesabu watu, au umehesabu milango waliyoingilia?” Wapo wauguzi waliolichukia swali hilo kiasi cha kukataa kwenda ofisini kwake. Wengi wao sasa wanawauliza wadogo zao swali hilo hilo.

Hoja iliyomo katika swali hilo hakuipata vitabuni peke yake. Mwaka 1986 alifariki jirani yake wa Mbotela, na kamati ya matanga ikawa inakutana kila jioni chini ya turubai kupanga safari ya kwenda kuzika magharibi. Kanisa lilileta idadi ya wasafiri wake, ukoo ukaleta yake, wafanyakazi wenza wa marehemu wakaleta yao. Mwenyekiti akajumlisha, akatangaza kwamba yanahitajika mabasi matatu. Mama Triza akasimama.

“Mzee, binamu wa marehemu anaimba kwaya na anafanya kazi na hawa wa kiwanda. Umempa viti vitatu. Ana makalio mangapi?”

Watu wakaangua kicheko matangani, jambo ambalo si la kawaida. Mwenyekiti hakucheka. “Mama Triza, umekuja kufariji familia ama kutupa hesabu?”

“Nimekuja kuona marehemu hasindikizwi na viti vitupu.”

Hakusikilizwa. Yalikodiwa mabasi matatu. Moja lilifika Luanda, kule magharibi, likiwa na dereva, utingo na masufuria. Tangu siku hiyo, hakuna kamati ya matanga Mbotela iliyohesabu wasafiri kabla ya kumwita. Hutaka watu wote waketi mahali pamoja, kila mtu asimame mara moja, na aliyekwisha kusimama na ukoo asisimame tena na kwaya. Ni jambo dogo. Laiti lingebaki kuwa dogo.

Mwaka 1995 jumuiya yetu ilimpata Mkurugenzi wa Mipango, Bw. Johnson Munyoki. Haki yake apewe: ndiye aliyeezeka upya zahanati ya Komarock, ndiye aliyetutafutia majokofu ya chanjo, na anafanya kazi kuliko wengi wetu. Mwaka uliofuata alituletea kompyuta yenye programu ya chati iliyotengenezwa na mtaalamu wa kukodi. Sisi tulizoea chati za kuchorwa kwa rula kwenye karatasi za manila, ambazo zikishachorwa zimenyamaza. Hii ilijibu. Kwenye skrini kulikuwa na vitufe vitatu vya zahanati, yaani Mbotela, Muthurwa na Komarock, na vingine vitatu vya huduma, yaani kupima uzito, chanjo na matibabu. Ulipobonyeza Mbotela kwa kipanya, nguzo ilisimama. Ulipoongeza Muthurwa, nguzo ya pili ilipanda juu ya ile ya kwanza. Ulipoongeza Komarock, ya tatu ikapanda juu ya zote, na kileleni ikaandikwa jumla kwa tarakimu kubwa za buluu, na chini yake neno WATOTO. Wafanyakazi waliipa jina la televisheni. Wafadhili walipotembelea ofisi, Bw. Munyoki aliwaachia kipanya wabonyeze wenyewe, na waliondoka wakiwa na furaha ya watu waliojenga kitu kwa kidole kimoja.

Ubaya wa televisheni ile ulikuwa huu, na tunaomba kila mfanyakazi wa jumuiya hii ausome polepole. Chukua mtoto mmoja tu, Owino, wa Bi. Aluoch wa Mbotela. Jumatatu mama yake huuza omena Muthurwa, na foleni ya zahanati ya hapo ikiwa fupi, humpima mtoto uzito. Jumatano humpeleka chanjo Mbotela, hatua chache kutoka nyumbani. Alhamisi huenda Komarock kufulia watu nguo, na siku hiyo mtoto akikohoa, hupimwa uzito na kutibiwa huko huko. Zahanati zote tatu zimeandika kweli: kila moja imemwona mtoto mmoja. Lakini bonyeza vitufe vyote vya zahanati, na Owino amekuwa watoto watatu. Bonyeza vitufe vya huduma katika kila zahanati, na amekuwa wanne. Bi. Aluoch alijifungua mara moja, hospitalini, kwa uchungu anaoukumbuka vizuri; ila kwenye skrini ya ofisi yetu alikuwa na pacha wa kutisha asiowajua.

Hakuna aliyekosea kujumlisha. Mashine ilijumlisha sawasawa. Kilichojumlishwa ni mahudhurio, na mahudhurio ni jambo halali la kuhesabu: yanatwambia chanjo ngapi ziagizwe na muuguzi achoke kiasi gani. Lakini jumla ya mahudhurio ikivikwa vazi la watoto, kila sehemu inabaki kuwa kweli na kitu kizima kinakuwa uongo. Bi. Ayuma alilisema hilo juma lile lile mashine ilipowashwa. Aliambiwa asubiri, azoee.

Mwezi Novemba 1997 kilifanyika kikao cha wafanyakazi wote. Bw. Munyoki alibonyeza vitufe vyote, kimoja baada ya kingine, na nguzo ikapanda hadi ikavuka mstari uliochorwa kuonyesha idadi ya watoto wote wadogo wanaoishi katika mitaa hiyo kwa makadirio ya sensa. Haikuuvuka kidogo, iliuvuka kwa karibu theluthi moja. “Tumevuka asilimia mia!” akatangaza, na ukumbi ukapiga makofi. Zikaletwa soda.

Inafaa kusimama hapo kidogo. Ukumbi uliojaa wauguzi waliosajiliwa, makarani wenye vyeti, na wazazi wenye watoto wao wenyewe nyumbani, ulionyeshwa kwamba tumehudumia watoto wengi kuliko waliopo, na ukashangilia. Hao waliozidi walizaliwa wapi? Waliteremka kutoka juu? Hata mtoto wa shule ya msingi akimwambia mwalimu kwamba darasa la watoto arobaini limehudhuriwa na watoto hamsini na watatu, mwalimu hamletei soda. Anamwambia arudie hesabu. Sisi hatukuambiana turudie. Tuliambiana hongera.

Soda zikiwa bado mezani, likafuata pendekezo. Ikiwa tumevuka asilimia mia, alisema mkurugenzi, basi zahanati tatu ni nyingi kuliko haja, na busara ni kufunga moja na kuimarisha mbili. Nguzo fupi kuliko zote ilikuwa ya Mbotela. Ifungwe kabla ya Pasaka.

Bi. Ayuma akasimama na kueleza yale tuliyoyaeleza hapo juu, kwa utaratibu, bila kupandisha sauti. Jibu alilopewa wapo wengi waliolisikia, kwa hiyo hatumchongei mtu tukiliandika.

“Mama,” alisema Bw. Munyoki akitabasamu, “hii si kuhesabu kwa vidole. Hii ni kompyuta. Imehesabu yenyewe.”

“Bwana Mkurugenzi, hiyo kompyuta haijawahi kuona mtoto. Imeona tarakimu tulizoilisha. Ukiilisha Owino mara nne, itameza mara nne.”

“Basi tuletee uthibitisho. Bila uthibitisho, tafadhali usiturudishe nyuma.”

Tangu siku hiyo alianza kuitwa kizuizi cha maendeleo. Mama aliyekuwa katika jumuiya hii tangu ilipokuwa na mizani moja na benchi mbili, akaitwa kizuizi, tena na watu waliotoka kumeza soda ya hesabu isiyowezekana. Tulisema furaha imo katika wasifu huu. Haimo katika aya hii.

Uthibitisho haukuwa rahisi. Kadi za kliniki hazikusaidia, kwa maana kila zahanati ilikuwa na mfadhili wake, na kila mfadhili alitaka kadi yenye nembo yake. Mtoto mmoja alikuwa na kadi tatu, na akina mama walizificha mbili wakidhani wataambiwa warudi walikotoka. Bi. Ayuma akashauriana na Sista Norah Aoko, muuguzi msimamizi wa Mbotela, na Januari 1998 wakakubaliana wajaribu uzi: mtoto akifika mara ya kwanza katika juma, afungwe uzi wa rangi mkononi; akifika kwingine, uzi ueleze ametoka wapi.

Jaribio hilo halikumaliza asubuhi moja. Mama wa kwanza aliunyakua mkono wa mwanawe.

“Sista, mimi nimeokoka. Hiyo uzi enda ufunge paka.”

“Ni ya kuhesabu tu, mama,” Norah akamwambia.

“Wanaanzanga hivyo. Leo uzi, kesho mtaniambia nimlete usiku na kuku mweupe.”

Foleni nzima ikaunga mkono. Uzi mkononi mwa mtoto mchanga, kwa akina mama wa kanisa waliotoka magharibi, una maana moja tu, na si takwimu. Bi. Ayuma, aliyeimba sauti ya pili katika kwaya ya akina mama kwa miaka kumi na mitano, hakuliona hilo kabla halijatokea. Alipoelezwa alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaandika kwa mkono wake kwamba jaribio limeshindwa na aliyelibuni ni yeye.

Njia iliyofaulu ilitoka kwa Norah. Uchaguzi mkuu ulikuwa umefanyika siku chache baada ya Krismasi, na vidole vya akina mama vilikuwa bado na doa la wino wa kupigia kura. Kila mtu alijua maana ya doa lile: umeshahesabiwa, usirudi. Katika kila zahanati kulikuwa na chupa ya dawa ya zambarau, ile ya kupaka vidonda vya mdomoni. Juma moja la Februari, Jumatatu hadi Ijumaa, kila mtoto aliyefika alipakwa tone moja kwenye ukucha wa mguu: Mbotela kidole kidogo, Muthurwa kidole gumba cha mguu wa kushoto, Komarock kidole gumba cha mguu wa kulia. Aliyefika akiwa tayari na rangi alihudumiwa sawa na wengine, akaandikwa katika mahudhurio, lakini hakuandikwa kuwa mtoto mpya. Mguu wenyewe ulieleza ulikopita.

Mara hii foleni ilichangamka. Akina mama waliwavua watoto soksi kabla ya kuulizwa. “Sista, huyu ameshapiga kura Muthurwa, usimwibie!” alipaza sauti mmoja. Mwingine, aliyempakata binti wa miezi minne mwenye kucha mbili za zambarau, alitaniwa mpaka akaficha uso: “Haki huyu wako ni mwizi wa kura, na bado hana meno!” Vijana waliokaa ukutani nje ya zahanati nao hawakubaki nyuma: “Niaje, Mama Triza! Siku hizi hadi watoi wana kura? Na sisi je?” Akawajibu kwamba wao wapimwe uzito kwanza.

Ofisi haikucheka. Siku ya nne ya zoezi hilo, Bi. Ayuma alipewa onyo la maandishi kwa kutumia dawa za wagonjwa kinyume na utaratibu. Dawa yenyewe, kwa juma zima na zahanati zote tatu, haikujaza kikombe cha chai. Tunaandika haya akiwa anastaafu, na onyo hilo lingali katika jalada lake. Tunauliza hadharani, kwa heshima zote: linasubiri nini humo?

Matokeo yalipokamilika yalikuwa na sura mbili, na zote mbili zilikuwa chungu. Ya kwanza: uwiano wa juma lile ulipotumiwa kwenye mahudhurio ya mwaka, ili kila mtoto ahesabiwe mara moja, hatukuwa tumevuka asilimia mia. Hatukuwa tumefika hata theluthi mbili. Katika kila watoto watatu wa mitaa ile, mmoja hakuwa ameonwa na mlango wetu wowote, na ndiye aliyefunikwa na Owino wa pili na Owino wa tatu. Ya pili iligusa Mbotela moja kwa moja. Watoto wengi wa Muthurwa na Komarock walionekana pia kwingine, kwa kuwa mama zao ni watu wa kuzunguka wakitafuta riziki. Ile nguzo fupi ya Mbotela ilikuwa imejaa watoto ambao hawakuwa na mlango mwingine wowote: wa akina mama waliojifungua karibuni, wa akina mama wagonjwa, na wale wanaolelewa na nyanya zao, ambao idadi yao miaka hii inaongezeka na sababu zake kila mtu anazijua. Hao hawaendi Komarock. Wangefungiwa Mbotela, wangebaki nyumbani.

Hapo ndipo alipofanya kazi ambayo sisi wa idara yake tunaiona kuwa bora kuliko zote alizofanya. Hakuitupa televisheni. Aliifundisha adabu. Kwa mwezi mzima aliketi na kitabu cha maelekezo cha programu ile, akaijenga chati upya. Badala ya nguzo tatu zilizopandana, akasimamisha nguzo moja ya watoto wenyewe, iliyogawanywa vipande visivyoingiliana: walioonwa Mbotela peke yake, Muthurwa peke yake, Komarock peke yake, na kipande chenye mistari kwa walioonwa zaidi ya mahali pamoja, ambacho kiliingia katika jumla mara moja tu, hata ubonyeze vitufe vingapi. Ukibonyeza huduma, jumla ya watoto haikutikisika. Pembeni ilisimama nguzo nyembamba ya rangi nyingine iliyoandikwa mahudhurio, ili asiwepo mtu wa kuzichanganya tena. Na ukizima kitufe cha zahanati, watoto waliokuwa na mlango huo tu hawakutoweka kwenye picha kama zamani. Waligeuka weupe, wakabaki pale pale.

Kamati ya jumuiya ilikutana Machi 1998. Bi. Ayuma hakuhutubia. Alimkabidhi kipanya mwenyekiti, Mzee Obonyo, akamwomba aifunge Mbotela.

Mzee akabonyeza. Kipande kirefu cha nguzo kikawa cheupe. Akakiwasha tena, akakizima tena, kama mtu anayejaribu swichi ya taa.

“Hawa weupe ni kina nani?”

“Ni watoto wa Mbotela, Mzee, ambao hawakuonwa kwingine juma zima.”

“Wanaweza kupanda gari waende Muthurwa,” akasema Bw. Munyoki. “Si mbali.”

Sista Norah, aliyekuwa ameketi nyuma bila ruhusa ya kusema, akasema. “Bwana Mkurugenzi, uje kesho asubuhi, mimi nitakuonyesha nyanya wa miaka sabini na mjukuu mgongoni na mwingine mkononi. Umwambie wewe mwenyewe kwamba si mbali. Mimi nitasimama kando nisikie.”

Mzee Obonyo akakizima kitufe mara ya tatu, kisha akamrudishia Bi. Ayuma kipanya. Kamati ikaamua kwamba Mbotela isifungwe.

Tungependa sana kuishia hapo. Lakini kamati iliyokwisha kuahidi wafadhili akiba ilitafuta njia ya katikati, na njia yenyewe ni kwamba Mbotela ifunguliwe siku tatu badala ya tano: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Ugonjwa wa mtoto hausomi kalenda ya kamati, lakini ndivyo ilivyoamuliwa. Na ripoti ya mwaka ilipotoka kwa mchapaji, ikiwa na picha za rangi, jumla iliyochapishwa ilikuwa ile ile ya zamani, asilimia mia na theluthi yake juu. Tulipouliza kwa nini, tulijibiwa kwamba wageni walikwisha kuiona na kuibadilisha kungewachanganya. Kwa hiyo jumuiya yetu ina chati mbili: moja ya kweli, inayotumiwa na wauguzi kupanga kazi, na moja ya kuonyesha watu. Hatuoni sababu ya kulificha hilo katika siku ya mtu aliyetumia nguvu zake kulizuia.

Ugonjwa huo haujapona. Mwezi huu huu idara yetu iliombwa iandike katika programu hii kwamba Bi. Ayuma amechangia kuhudumiwa kwa watoto idadi fulani, kubwa ajabu, iliyopatikana kwa kujumlisha ripoti za miaka yote ishirini na minane. Mtoto aliyekuja kwa miaka mitano angekuwa watoto watano humo ndani. Tulikataa. Idadi ya kweli hatuijui, na yeye ametufundisha kwamba hayo ni maneno ambayo ofisi ya takwimu haina haja ya kuyaonea aibu.

Tunachokijua ni hiki. Tangu mwaka jana hakuna fomu ya jumuiya inayotoka bila safu mbili tofauti, moja ya watoto na moja ya mahudhurio. Kadi za nembo tatu zimefutwa. Sasa kuna kadi moja, inayotambulika katika zahanati zote, na akina mama hawafichi kitu. Makarani aliowafunza wanafanya kazi katika hospitali na ofisi nyingi za jiji hili, na hujulikana kwa ubishi wao. Bw. Luseno, ambaye amestaafu tangu 1993 na amekuwa akimsubiri mkewe kwa kulalamika, amepata mtu wa kunywa naye chai ya saa nne. Wana mpango wa kujenga Bunyore, ila kwaya ya akina mama ya Mbotela imetangaza kwamba haitoi ruhusa kabla ya Krismasi.

Uongozi ulipanga zahanati ya Mbotela ifungwe leo, ili wafanyakazi wote wahudhurie sherehe. Bi. Ayuma alipopata habari, alipeleka jibu la mdomo kwa katibu: “Sherehe bila Norah nitaivumilia. Jumatano bila Mbotela, hapana.” Kwa hiyo Sista Norah Aoko na wenzake wawili hawamo ukumbini. Wako kazini, mizani imetundikwa, na tunaomba wahudumu wa chakula wawawekee sehemu zao kabla meza kuu haijaanza kula.

Kuhusu zawadi, jumuiya imenunua saa ya ukutani na seti ya vikombe, navyo vitakabidhiwa baada ya hotuba. Lakini alipoulizwa na kamati mwezi uliopita angependa apewe nini, Bi. Ayuma hakutaja saa wala vikombe. Aliomba apewe Jumanne na Alhamisi za Mbotela. Kamati haijamjibu. Wajumbe wake wote wamo ukumbini leo, safu ya mbele, na kila mmoja ana nakala ya programu hii mkononi.

Mama Triza, asante kwa ukali wako, kwa kicheko chako, na kwa kila ripoti uliyoturudishia. Mungu akupe wewe na Bw. Luseno afya, usingizi wa kutosha na wajukuu wanaotii. Pumzika kama mtu aliyefanya kazi yake. Jumanne na Alhamisi tutazidai sisi, mpaka zitoke.